Mtandamboo wa miaka minne usiozaa

Mama Tumaini, Ngaramtoni

Ndugu wapenda bustani, nawasalimu nyote. Nina jambo ambalo nimelizungusha kichwani kwa muda mrefu bila kupata jawabu, na naamini humu hamkosi watu waliokwisha kulipitia.

Tulipohamia kwenye kiwanja chetu hapa Ngaramtoni nilimwambia mume wangu kwamba upande wa barabara ya ng'ombe sitaki ukuta wa matofali, nataka uzio wa mitandamboo, vile vichaka vya porini vyenye miiba na matunda meusi yanayoliwa, kwa sababu ndiyo matunda niliyokulia. Tulikuwa tukirudi kutoka kuchunga mbuzi na meno ya zambarau na vidole vinavyonata utomvu, na mama hakuwa na haja ya kuuliza tulikopitia. Basi nikazunguka kwenye vitalu vya kando ya barabara, nikakuta michongoma, duranta na bogenvilia za kila rangi, lakini mtandamboo hakuna aliyekuwa nao. Muuzaji mmoja alicheka jina tu, akaniuliza kama nina uhakika na ninachokitafuta. Mwishowe nikamwomba kijana mmoja aning'olee miche kwenye kilima cha jirani, penye shamba la mtu aliyetupa ruhusa. Ilikuwa mwezi wa nane, ardhi imekauka, na katika miche tisa aliyoniletea mitano ilikufa, minne ikashika.

Huu ni mwaka wa nne. Mitatu kati ya hiyo imekuwa vichaka vizuri vyenye miiba mirefu, imefungamana vizuri na mbuzi wa jirani hawapenyi, lakini sijawahi kuona ua wala tunda. Kijana anayetusaidia huikata kila baada ya wiki sita kwa panga na mkasi ili uzio unyooke na usiingie njiani, na kila masika naiwekea samadi ya ng'ombe, ndoo nzima kwa kila shina, kwa hiyo sidhani kwamba ni njaa. Miwili inapata jua la asubuhi hadi saa nane, na mmoja umekaa chini ya mgrevilea.

Mche wa nne ndio unaonishangaza. Umekua kuliko mingine yote, majani yake ni mazito na yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na hauna mwiba hata mmoja. Huo haukatwi kwa kuwa uko kwenye kona, mbali na njia. Mwaka huu ulitoa maua meupe yenye wekundu kwa nje na harufu nzuri sana, na sasa una matunda mabichi ambayo wajukuu wangu wawili wameshaanza kuyahesabu. Nilijiambia kwamba huenda ni aina isiyo na miiba, tena ni bahati, na ningependa kuuzalisha huo huo ujaze mapengo ya uzio.

Naomba kujua: kwa nini ile mitatu haizai, na je, huo wa nne nauzalishaje, kwa mbegu au kwa kukata vipande vya matawi?

Mzee wa Kitalu, Lushoto

Mama Tumaini, salaam. Nimefanya kazi kwenye vitalu vya miti kwa sehemu kubwa ya maisha yangu kabla ya kustaafu, na nitaanza na mwisho wa barua yako kwa sababu hiyo ndiyo sehemu isiyoweza kusubiri. Mche huo wa nne usiuzalishe, na wajukuu wasiyaguse matunda yake mpaka utakapokuwa na hakika kwamba ni mti gani. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma majibu ya wengine, vaa glavu, yachume hayo mabichi yote uyafukie mahali ambapo mtoto wala mbuzi hafiki.

Maelezo uliyoyatoa yananipeleka moja kwa moja kwenye mti wa sumu ya mishale, ambao wataalamu huuita Acokanthera schimperi. Ni ndugu wa mtandamboo wa karibu. Yote miwili ni ya familia ya Apocynaceae, yote hutoa utomvu mweupe ukivunja tawi, majani ya yote hukaa mawili mawili yakielekeana, maua ya yote ni meupe yenye wekundu na harufu tamu, na yote hupenda vilima vya mawe na pembezoni mwa misitu mikavu, kiasi kwamba mara nyingi utaikuta imesimama bega kwa bega. Kijana aliyeng'oa miche midogo wakati wa kiangazi, isiyo na ua wala tunda, si wa kulaumiwa sana. Mimi mwenyewe niliwahi kubishana na mwenzangu kitaluni kwa siku nzima juu ya mche mmoja wa namna hiyo, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Sumu yenyewe huitwa wabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali la mti huu, na kazi yake ni kuvuruga mapigo ya moyo. Imo kwenye gamba, kwenye kuni, kwenye mizizi na kwenye majani, na tunda bichi ni hatari vilevile. Wapo watu wanaokula nyama ya tunda lake likiiva kabisa, lakini sioni sababu ya kumpa mjukuu mtihani wa kutofautisha lililoiva na lisiloiva. Yuko hata panya mmoja mkubwa wa huku kwetu Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu mgongoni, ambaye hutafuna gamba la mti huu kisha akajipaka mate hayo kwenye manyoya ya ubavuni, na mbwa anayethubutu kumng'ata huipata sumu mdomoni mwake mwenyewe.

Ili ujiridhishe, usitegemee miiba peke yake, maana mtandamboo uliokulia kivulini unaweza kuwa na michache sana. Angalia ua linapotokea. Maua ya mtandamboo hukaa kwa mafungu kwenye ncha ya tawi, mwisho kabisa, kama shada dogo lililochomekwa kwenye kijiti. Ya huo mwingine hujibana kwenye makwapa ya majani, pale kikonyo kinapoungana na tawi, na kulizunguka tawi hatua kwa hatua kuelekea chini. Maua yakiwa yamekwisha, vikonyo vya matunda vitakuonyesha jambo lilo hilo. Kisha pasua tunda moja ukiwa na glavu: la mtandamboo ni dogo, la mviringo, kipenyo chake ni kama sentimita moja, na ndani huwa na mbegu bapa, kwa kawaida mbili hadi nne, ilhali la Acokanthera ni kubwa zaidi, limerefuka kidogo kama yai la ndege, na lina mbegu moja au mbili.

Sasa niseme juu ya ile mitatu, na utaona kwamba jibu lake ni hilo hilo la ua kwenye ncha. Kila wiki sita kijana wako anakata ncha zote za matawi, na ncha hizo ndizo ambazo zingebeba maua. Kichaka kinajitahidi, kinatoa machipukizi mapya, machipukizi yanakaribia umri wa kuchanua, na panga linapita tena. Kwa namna hiyo utakuwa na uzio mzuri kwa miaka ishirini, usiokuwa na tunda hata moja. Mwambie aweke mkasi chini kuanzia sasa. Mitandamboo ya uzio ipogolewe mara moja kwa mwaka, mara tu baada ya matunda kwisha, ili machipukizi yapate miezi ya kutosha kukomaa kabla ya msimu wa maua unaofuata. Na hata hapo, badala ya kunyoa juu kama boksi, ondoa matawi machache ya zamani kutoka chini kabisa na uache mengine marefu. Upande wa njia unaweza kuendelea kunyolewa kwa ajili ya wapitao, mradi upande wa ndani na kichwa cha uzio viachwe huru. Uzio wako utaonekana kama nywele zisizochanwa. Itakubidi uchague kati ya unadhifu na matunda.

Samadi nayo ipunguze. Mti huu umezoea ardhi ya mawe na vichuguu, na ndoo nzima kila masika inauchochea utoe majani na matawi badala ya maua. Mara moja kila miaka miwili inatosha, pamoja na matandazo ya majani makavu. Ule ulio chini ya mgrevilea ama uupunguzie kivuli kwa kukata matawi ya chini ya mgrevilea, ama uukubali kuwa uzio tu.

Olamuriaki, Longido

Mama, shikamoo. Mzee wa Kitalu amesema kweli, nami naongeza kutoka kwetu. Jina nililojiandikia hapa ndilo jina la mtandamboo kwa Kimasai, na huo mwingine sisi tunauita olmorijoi, ambao Wakamba huuita kivai. Mtoto wa kwetu anayeanza kwenda na ndama huonyeshwa miti hii miwili siku moja, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu wazee wanajua kwamba ataona matunda meusi kwenye yote na njaa haina macho. Babu yangu alikuwa na namna yake: alituambia tuukumbatie mti kwanza. Ukituchoma tuule, usipotuchoma tuuache. Nakubali kwamba Mzee amesema miiba peke yake haitoshi, na huenda babu angemkubalia, lakini kwa mtoto wa miaka sita sijapata kusikia somo lililo bora kuliko hilo.

Jambo ambalo halijasemwa ni kuni. Ukiukata huo mti wa kona, matawi yake yasiingie jikoni, na vijiti vyake visitumike kamwe kuchomea nyama wala kukoroga kitu chochote. Sikukuu zikifika vijana huokota kijiti chochote kilichonyooka karibu na nyumba, na olmorijoi hutoa vijiti vilivyonyooka vizuri. Na ikitokea mtoto amekula tunda lake, asisubiriwe aone dalili, asinyweshwe maziwa akaambiwa alale. Apelekwe hospitali moja kwa moja, na tawi lenye majani lipelekwe pamoja naye ili daktari ajue anapambana na nini.

Mbuzi wanapenda sana machipukizi ya olamuriaki licha ya miiba yake, kwa hiyo miche mipya ya uzio inahitaji kulindwa ikiwa bado michanga. Sisi mizizi yake tunaichemsha kwenye supu ya nyama, lakini hilo lina watu wake na vipimo vyake, na sikushauri mtu aliyesoma hapa akachimbe mizizi ya kichaka cha bustanini akajaribu, hasa akiwa hana hakika ya kichaka alichonacho.

Nyumba ya Mawe, Kitengela

Mama Tumaini, pole kwa mshtuko. Niruhusu nijibu ile sehemu ya kuzalisha, maana kuanzia miaka sita iliyopita nimekuwa nikiotesha mtandamboo hapa Kitengela, Kenya, kwa mbegu, na nimekosea kwa kila njia inayowezekana.

Vipande vya matawi nilivijaribu mara mbili, na katika ishirini vilishika viwili. Njia iliyonifaa kidogo ni kulilaza tawi refu la chini ardhini, kulikwangua gamba kidogo upande unaogusa udongo, kulifukia na kuliwekea jiwe, kisha kulisahau mpaka mvua mbili zipite. Mizizi hutoka, unalikata kutoka kwa mama yake na kulihamisha. Faida yake ni kwamba unajua unachokipata, kwa sababu unalichukua kwenye kichaka ambacho umeshakula matunda yake.

Hata hivyo, kwa uzio mzima utahitaji mbegu. Chuma matunda yaliyoiva hasa, yale meusi yenye kuelekea zambarau ambayo yakiguswa tu yanaachia kikonyo. Yakiwa bado mekundu na magumu utomvu wake utakunata midomoni na mbegu zake hazijakomaa. Yaloweke kwenye maji usiku mmoja, asubuhi yaponde kwa mkono, uyasugue juu ya chujio la waya huku ukimwaga maji, mpaka nyama na maganda yaondoke. Mbegu zinazoelea zitupe. Zilizozama zianike kivulini juu ya gazeti siku mbili au tatu, halafu zipande. Msimu wa kwanza mimi niliziweka kwenye bahasha nikingoja mvua za mwezi wa nne, nikapata miche michache ya kuhesabika kwa vidole. Msimu uliofuata nilizipanda wiki ile ile na kitalu kilijaa. Hazihitaji kuchemshwa, kukwaruzwa wala dawa yoyote.

Mimi huzipanda kwenye trei yenye mchanga na mboji nusu kwa nusu, kina cha unene wa mbegu mbili, chini ya kivuli cha nyasi, na kuzinyunyizia maji asubuhi. Zangu huanza kuchomoza baada ya wiki tatu hivi, nyingine baada ya mwezi na zaidi, kwa hiyo usiimwage trei kwa hasira. Zikiwa na majani manne ninazihamishia kwenye viriba virefu. Nasisitiza virefu, kwa sababu mzizi mkuu wa mti huu unakwenda chini haraka, na ukikuta sakafu ya plastiki unajikunja. Nadhani hata ile miche yako mitano ilikufa kwa sababu hiyo: mche wa porini wenye urefu wa kiganja unaweza kuwa na mzizi wenye urefu wa mkono, na aliyeung'oa kwenye ardhi kavu aliuacha mzizi wote chini.

Mimi nina udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi hadi ukapoteza kiatu ndani ya ufa, na wakati wa mvua unashikilia maji kama beseni. Mitandamboo yangu ya kwanza, minane, iliozea hapo hapo msimu mmoja wa mvua. Tangu hapo ninaipanda juu ya tuta lenye kimo cha goti, lililochanganywa na kokoto za mabaki ya ujenzi, na haijafa tena hata mmoja. Wewe huna tatizo hilo, kwa kuwa huko chini ya Mlima Meru udongo wa volkano unapitisha maji vizuri. Nafasi ya mita moja kati ya shina na shina inatosha kwa uzio. Ukitaka matunda zaidi, acha mita mbili.

Wangu wa kwanza kuzaa ulichukua miaka minne kutoka mbegu, na ulizaa matunda kumi na moja tu. Nayajua kwa sababu nilikuwa nayo kumi na moja jioni, na asubuhi ndege shore walikuwa wameniachia mawili. Siku hizi ninafunika matawi machache kwa chandarua cha zamani na kuwaachia wao na kwezi yaliyobaki.

Mama Tumaini, Ngaramtoni

Wazee wangu na ndugu zangu, nimesoma kila neno, nikatoka na miwani na glavu za jikoni kwenda kwenye kona ile kabla ya jua kuzama.

Ni kama alivyosema Mzee. Vikonyo vya matunda viko kwenye makwapa ya majani, jozi kwa jozi, vikishuka kwenye tawi, na ncha za matawi ni majani matupu. Nilipasua tunda moja, nikakuta mbegu moja tu, kubwa. Nimeyachuma yote, yalikuwa arobaini na mawili. Mjukuu mkubwa, aliyekuwa akinifuata nyuma kwa mbali kama nilivyomwamuru, aliniambia kwamba nimesahau moja, na kweli nilikuwa nimelisahau. Alikuwa akilijua kwa sababu alikuwa amelitengea jina lake. Usiku ule sikulala vizuri.

Mti wenyewe tumeukata jana na kung'oa kisiki, na matawi yote tumeyafukia kwenye shimo la zamani la choo kabla halijafungwa. Mume wangu aliuliza kama tunaua mti wa asili bila sababu. Nilimjibu kwamba kule kilimani imejaa na haina haja ya kona yangu.

Kisha nilikwenda kwenye ile mitatu kutazama ncha. Kila tawi linaishia kwenye mkato, wala sitii chumvi. Isipokuwa tawi moja la ndani, lililojificha kati ya kichaka na waya, ambalo panga halikulifikia, na juu yake palikuwa na shada kavu la vikonyo vitano au sita vya maua yaliyokwisha kuanguka. Kwa hiyo ilichanua, na mimi sikuona. Nimemwonyesha kijana wangu tawi hilo kwa kidole. Alilitazama kwa muda, akasema kwamba kama ni hivyo basi kwa miaka yote hii amekuwa akituvunia maua kwa panga.

Nina swali moja la nyongeza. Kichaka kimoja peke yake, kisicho na mwenzake karibu, kinaweza kuzaa? Nauliza kwa sababu dada yangu wa Dar es Salaam anataka kupanda mmoja tu kwenye pipa.

Mdadisi, Dar es Salaam

Kabla Mzee hajajibu, naomba nami niulize jambo la karibu na hilo. Huku kwetu kuna kichaka cha uzio chenye maua meupe kama nyota na matunda makubwa mekundu yenye ukubwa wa kidole gumba, na wauzaji huniambia kwamba huo ndio mtandamboo ulioboreshwa. Je, ni huo huo?

Mzee wa Kitalu, Lushoto

Mama Tumaini, nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Kijana wako usimkemee, tena mpe yeye kazi ya kuilinda hiyo ncha moja.

Kuhusu kichaka kimoja: nimeona kichaka cha peke yake kikizaa, lakini kidogo kidogo, na kilipopata jirani aliyetoka kwenye mbegu nyingine kilizaa kwa wingi. Dada yako aweke mapipa mawili, na asitoe yote mawili kwenye tawi moja lililolazwa, kwa sababu hapo atakuwa na kichaka kile kile mara mbili. Pipa liwe na matundu mengi chini, na liwe mahali penye jua ambapo nyuki wanafika, si kwenye veranda iliyofungwa kwa wavu.

Ndugu Mdadisi, unachokisema bila shaka ni Carissa macrocarpa, ambao Waafrika Kusini wanaufahamu sana kutoka pwani ya Natal. Ni ndugu wa mtandamboo, na matunda yake yaliyoiva yanalika, lakini ni mti mwingine. Utautambua kwa miiba yake iliyogawanyika mara mbili kama ulimi wa nyoka, ambapo miiba ya mtandamboo wetu kwa kawaida ni mmoja mmoja uliosimama wima. Kwa Dar es Salaam, karibu na chumvi ya bahari, huo unavumilia sana, na sina ugomvi na anayeupanda. Ugomvi wangu ni na anayeuuza kwa jina lisilo lake. Wako pia ndugu zao wa India, wenye matunda ambayo watu hutengenezea achari yakiwa bado machachu, na nimesikia watu wakiyaita yote kwa jina moja.

Ukienda kutafuta habari za mtandamboo wetu utaukuta kwa majina mawili, Carissa edulis kwenye vitabu vya zamani na Carissa spinarum kwenye orodha za siku hizi, kwa sababu wataalamu wengi sasa wanaona kwamba kuanzia Afrika hadi Asia ni mti ule ule mmoja. Hilo neno edulis maana yake ni unaoliwa, na lilitoka kwa Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Uswidi; Forsskål aliukuta Yemen na akafia huko huko mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa 1775, yeye akiwa ameshazikwa. Kwa hiyo wasomaji wetu walioko Uarabuni wasije wakadhani kwamba tunazungumzia kitu cha Arusha tu.

Mama Tumaini, kwenye ile kona usipande kitu cha kuliwa msimu huu. Angalia machipukizi ya mizizi yatakayobaki, maana mti ule haukati tamaa kwa kukatwa mara moja; kila utakapoona chipukizi lenye majani yanayong'aa, lichimbue lote na mzizi wake. Vuli ikipita bila chipukizi, ndipo ulete huo mtandamboo wako kutoka kwenye kiriba.

Nyumba ya Mawe, Kitengela

Nami nina mbegu za msimu huu zilizokaushwa juzi, Mama Tumaini. Kuvusha mbegu mpakani kuna taratibu zake na sitaki kukuingiza matatani, kwa hiyo ni afadhali ungoje za tawi lako mwenyewe, lile lililojificha kwenye waya. Lifunike kwa chandarua mapema, matunda yakiwa bado ya kijani. Shore hawangoji yaive vizuri.